Mbinu za fasihi katika Kiingereza cha S1 na S2: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mwanafunzi wa S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, akiulizwa mwandishi ametumia mbinu gani katika mstari wa nne, mara nyingi huandika neno moja, "simile", akaweka kalamu chini. Neno ni sahihi na alama yake ataipata. Zilizobaki zilikuwa za sentensi ambayo hakuiandika: mfananisho huo unafanya kazi gani pale ulipo. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa S1 au S2 nchini Uganda ambaye nyumbani huzungumza Kiswahili, awe Bombo, Arua, Busia au kwenye kambi za askari Kampala, na shuleni husomea Kiingereza. Mzazi anayekaa na mwanawe jioni anaweza kuutumia pia, hata kama Kiingereza chake ni cha sokoni.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioandaliwa na NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, ulianza kufundishwa S1 mwaka 2020, na watahiniwa wa kwanza wa UCE, mtihani wa kumaliza S4, chini ya mtaala huo walifanya mtihani mwaka 2024. Asilimia 20 ya matokeo hutokana na kazi za shuleni, 80 na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mtaala wenyewe unataka uonyeshe unachoweza kufanya na ulichojifunza, kwa hiyo fasili iliyokaririwa neno kwa neno haikufikishi mbali. Upande mwingine, mtaala huohuo umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2. Tashbihi unayofundishwa Jumatatu kwenye Kiswahili ndiyo "simile" ya Alhamisi kwenye Kiingereza, ingawa walimu hao wawili huenda hawajawahi kulizungumzia hilo hata siku moja.

Hatua ya 1: Anza na methali, si na orodha

Istilahi thelathini zilizobandikwa ukutani humchosha mtu kabla hajaanza. Methali ni fupi, unazijua tayari, na karibu kila moja imebeba mbinu. "Akili ni mali" ni sitiari, yaani "metaphor": kitu kimoja kinaitwa kingine moja kwa moja. "Siri ya mtungi aijuaye kata" ni tashihisi, "personification", kwa sababu kata amepewa uwezo wa kujua siri kama mtu. "Ukupigao ndio ukufunzao" inakupa "paradox", kauli inayoonekana kujipinga kumbe ina ukweli ndani yake. Na "Chururu si ndo ndo ndo" inakuchotea "onomatopoeia" ya maji mara mbili katika maneno machache; sijaona mfano mzuri kuliko huo katika lugha yoyote.

Chukua daftari jipya, ukurasa mmoja kwa mbinu moja. Juu andika jina la Kiingereza, chini yake la Kiswahili, kisha methali yako. Nafasi iliyobaki iachie mifano miwili: mmoja kutoka kitabu mnachosoma darasani, na mmoja uliotunga mwenyewe kwa Kiingereza. Huo wa kutunga ndio kipimo. Mtu anaweza kuandika "as brave as a lion" kuanzia S1 hadi S4 bila kuelewa chochote, maana ameikuta imeshapikwa. Tunga kutokana na unayoyaona: "The queue at the borehole was as long as a Sunday sermon." Hapo mwalimu ataona umefikiri. Mbinu mbili kwa wiki zinatosha. Muhula mmoja utazimaliza zote za muhimu na nafasi ya kurudia itabaki.

Hatua ya 2: Majina yatamke na kuyaandika sawasawa

Hii haichukui muda, ila ukiiacha itakuaibisha darasani. "Simile" ina silabi tatu, si-mi-li. Isitamkwe ikafanana na "smile". "Hyperbole" ina silabi nne na mkazo uko kwenye ya pili, hai-PA-bo-li. "Rhyme" na "rhythm" zote zina h baada ya r, na "rhythm" haina a, e, i, o wala u. "Allusion" ni kudokeza jambo au hadithi nyingine inayojulikana. "Illusion" ni kiini macho, neno jingine kabisa. Na lile linaloogopwa kuliko yote, "onomatopoeia", kwa mtoto wa Kiswahili si kitu: ukiliandika, lisome kwa silabi zetu, o-no-ma-to-po, kisha e-i-a; ukilitamka, mwisho wake husikika PI-a. Wenzako wanaozungumza Kiingereza nyumbani ndio watakaohangaika nalo.

Hatua ya 3: Epuka mitego ya "like", "as" na "is"

Wengi wamefundishwa kwamba wakiona "like" au "as" hiyo ni "simile". Angalia sentensi hizi tatu: "I like mangoes." "As the taxi stopped, we jumped out." "She looks like her mother." Hakuna hata moja yenye tashbihi. Ya kwanza ni kupenda, ya pili ni wakati. Ya tatu ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa kweli kuna kufananisha. Lakini mama na binti ni watu wa aina moja, na anayesema hivyo anataja ukweli tu. Tashbihi inahitaji vitu viwili vya aina tofauti vikutane kwenye sifa moja: "Her mother's voice was like a school bell." Sauti ya mtu na kengele havina undugu, ila vyote viwili vinaweza kumtoa mtu usingizini.

Kwa sitiari, Kiswahili kinatusaidia halafu kinatuangusha. Tumezoea kuitambua kwa "ni": pesa ni sabuni ya roho. Kwa hiyo mwanafunzi hutafuta "is" kwenye Kiingereza, na anapokutana na "Anger boiled in his chest" anapita bila kuona kitu. Hasira haichemki, kinachochemka ni maji. Sitiari imejificha ndani ya kitenzi. Jizoeze kukiuliza kila kitenzi: je, kitu hiki kinaweza kweli kufanya hivi? Kama hakiwezi, simama hapo.

Swali hilohilo litakuonyesha tashihisi. Kama kitenzi ni cha binadamu ("the wind whispered", "the hills slept"), andika "personification", ingawa hata "metaphor" isingekuwa uongo, kwani tashihisi ni aina ya sitiari. Chagua jina lililo mahususi zaidi. Chuku, yaani kutia chumvi, au "hyperbole", sitaieleza kwa urefu: anayeishi na watani hahitaji kufundishwa chuku.

Hatua ya 4: Jua mahali ambapo lugha mbili hizi zinaachana

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu vitabu vya darasani havikupi. Mwanafunzi anayehamisha kila kitu kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza atafika salama mara nyingi, kisha kuna siku atapotea bila kujua kwa nini.

Anza na tanakali za sauti. Tunasema chupa ilianguka ikavunjika pwaa, na hiyo ni sauti. Lakini tunasema pia nyeupe pe, kimya jii, ukumbi umejaa pomoni. Weupe hauna sauti, na kimya hakina vilevile. "Onomatopoeia" ya Kiingereza huishia kwenye sauti za kweli: "buzz", "hiss", "bang", "sizzle". Ukitaka kusema nyeupe pe kwa Kiingereza itabidi uingie kwenye tashbihi au uchague kivumishi chenye nguvu. Na ukiulizwa mfano wa "onomatopoeia", usitoe neno linaloeleza rangi au ukimya.

Takriri nayo kwetu ni neno pana. Tunaitumia kwa kurudia sauti, neno, hata sentensi nzima. Kiingereza kimegawa. Konsonanti ya mwanzo ikirudiwa ni "alliteration", irabu ikirudiwa ni "assonance", neno likirudiwa ni "repetition", na mstari unaorudi kila ubeti, kile kibwagizo chetu, ni "refrain". "Haraka haraka haina baraka" ina zaidi ya moja kati ya hizo ndani yake, ichambue uone. Halafu kumbuka kwamba Kiingereza husikilizwa kwa sikio. "City cats" si "alliteration" ingawa zote zinaanza na c, maana moja inasikika s na nyingine k. "Phones" na "fish" ni "alliteration". "Knife" na "kettle" si, kwa kuwa k ya "knife" haitamkwi.

Jambo hilohilo linahusu vina. Katika ushairi wetu kina unakiona kwa macho: ma na ma, ko na ko. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mwanafunzi akienda na macho hayo kwenye shairi la Kiingereza atasema "though", "cough" na "tough" zina vina, kwa sababu zote zinaishia na herufi zilezile, kumbe hakuna mbili zinazolingana kwa sauti. Wakati huohuo ataziacha "blue", "shoe", "through" na "two", ambazo zina kina kimoja. Dawa ni kusoma shairi kwa sauti kabla ya kuandika herufi za mpangilio, ile ABAB au AABB. Kama neno hujui linavyotamkwa, muulize mwalimu. Kubahatisha hapa kunaumiza.

Mizani ndiyo ngumu zaidi. Tarbia ina mishororo minne kwa ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane ule. Sisi huhesabu silabi basi, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hautusumbui. Karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huhesabu mikazo, na mikazo yake inahamahama. Tamka "photograph", kisha "photographer": mkazo umetoka silabi ya kwanza ukaenda ya pili. Sasa gonga meza ukisoma mstari huu nilioutunga:

The boda took my brother down to town.

Silabi ni kumi, lakini mkono wako unapiga kwa nguvu mara tano: BO, TOOK, BRO, DOWN, TOWN. Nyepesi kisha nzito, mara tano. Mpangilio huo unaitwa "iambic pentameter", na Shakespeare aliutumia sana katika tamthilia zake. Katika S1 hutaulizwa jina hilo mara kwa mara, lakini sikio lililozoea kugonga meza litakusaidia kueleza kwa nini mstari fulani unakimbia na mwingine unajikokota.

Hatua ya 5: Chukua hadithi moja uichambue mpaka iishe

Istilahi za masimulizi hazishiki kichwani zikisomwa moja moja. Tafuta hadithi unayoijua na uzipitishe zote humo. Nchini Uganda nitachagua ya Kintu na Nambi, inayojulikana hata nje ya Buganda. Kintu alimwoa Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Ggulu akawaonya waondoke mapema kabla Walumbe, kaka yake Nambi, hajajua, na wasirudi hata wakisahau nini. Njiani Nambi akakumbuka ulezi, ile nafaka ya kuku wake. Akarudi kuuchukua. Walumbe akamwona, akamfuata hadi duniani, na Walumbe ni Kifo. Baadaye ndugu yao Kayikuzi alitumwa kumkamata amrudishe, lakini Walumbe akazama ardhini huko Ttanda, upande wa Mityana, ambako mashimo yanaonyeshwa mpaka leo.

"Setting" ni mandhari: mbinguni, njiani, duniani. "Conflict", mgogoro, uko wa aina zaidi ya moja; wa nje ni kati ya watu na Walumbe, wa ndani ni wa Nambi, kati ya agizo la baba na njaa ya kuku. Onyo la Ggulu ni "foreshadowing", kidokezo cha yatakayotokea, kwani msikilizaji akisikia "msirudi" anajua mtu atarudi. Walumbe mwenyewe ni tashihisi iliyopewa jina, miguu na hasira. Ulezi ni "symbol", ishara. Tofauti yake na sitiari wengi hawaielezi vizuri: ulezi huu ni ulezi kweli ndani ya hadithi, kuku wangeula, na juu ya hapo umebeba maana nyingine, labda mambo madogo ya nyumbani yanayotufanya tusahau makubwa. Sitiari haipo kweli katika hadithi, iko kwenye maneno tu.

Kinaya, "irony", kina sura tatu, na hadithi hii inakupa mbili. Nambi alirudi kuchukua chakula cha kuwaweka kuku hai, akarudi na Kifo: tokeo limepinduka likawa kinyume cha kusudi, na hiyo ni "situational irony". Sisi wasikilizaji tunajua Walumbe akifika duniani haondoki, Nambi hajui: hiyo ni "dramatic irony", na ndiyo inayokufanya utake kumpigia kelele asigeuke. Ya tatu, "verbal irony", ni kusema kinyume cha unachomaanisha, kama mwalimu anayemwambia aliyechelewa saa mbili, "Asante kwa kuwahi." Maneno hayo yakilenga kuuma huwa "sarcasm", kejeli. Bahati mbaya peke yake si kinaya. Mvua kunyesha siku ya michezo ni mvua tu, isipokuwa kama shule iliahirisha michezo wiki iliyopita kwa kuogopa mvua ambayo haikunyesha.

Kisha ichezee. Isimulie upya ukianzia kaburini, mama amesimama anakumbuka siku aliyogeuka njiani: umepata "flashback", mbinu rejeshi. Isimulie Nambi akiwa "I", halafu Walumbe akiwa "I". Utaona jinsi msimamo wa msimulizi, "tone", unavyobadilika kutoka majuto hadi uchungu wa kaka aliyeachwa nyumbani bila kuagwa, na jinsi hali anayoihisi msomaji, "mood", inavyobadilika pamoja nao. Hizo mbili huchanganywa sana. "Tone" ni ya anayesema, "mood" ni ya anayesikia. Mtu anaweza kusema kwa dhihaka na wewe ukaingiwa na hofu.

Usimwite msimulizi kwa jina la mwandishi. Anayesema "I" kwenye hadithi ni "the narrator". Kwenye shairi ni "the speaker", yule tunayemwita nafsineni. Na kuwa macho na "he" na "she". Kiambishi chetu a- hakitaji jinsia, kwa hiyo tumezoea kutojali, lakini Kiingereza kitakulazimisha uchague. Kama shairi halijasema nafsineni ni mwanamume au mwanamke, andika "the speaker" kila mara.

Mwisho wa uchambuzi andika dhamira, "theme". Neno moja halitoshi. "Death" ni mada. Dhamira ni sentensi nzima inayosema hadithi inadai nini kuhusu mada hiyo: "One careless choice can cost people who had no part in it." Mwenzako anaweza kuandika tofauti, na mkawa sahihi wote wawili, mradi kila mmoja aonyeshe tukio linalomuunga mkono.

Hatua ya 6: Andika jibu lenye jina, nukuu na kazi

Soma kifungu hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi (Mabira ni msitu):

The old taxi coughed up the hill like my grandfather in July. Its doors complained. "We shall arrive before Christmas," said the conductor, and nobody laughed, because the fuel gauge had been asleep since Mukono. Ahead of us stood Mabira, dark and patient.

Jibu la kawaida kwa sentensi ya kwanza ni hili: "The writer uses a simile. It makes the story interesting." Sentensi ya pili haina kitu. Inaweza kubandikwa kwenye kifungu chochote duniani, na sentensi inayofaa kila mahali haisemi lolote kuhusu hapa.

Ili upate la kusema, ondoa mbinu uone kilichopotea. Andika sentensi hiyo bila tashbihi: "The old taxi went slowly up the hill." Tumepoteza nini? Sauti ya injini imepotea. Uzee umebaki, lakini hatuionei huruma tena; babu anayekohoa tunamhurumia, na gari bovu tunalitukana tu. Sasa andika hicho kilichopotea:

The writer uses a simile, "coughed up the hill like my grandfather in July", to let us hear the weak engine. Comparing the taxi to an old, sick relative makes us pity it, so we also begin to worry that it will not reach.

Jina, nukuu fupi, kazi. Nukuu iwe na maneno yanayohitajika tu. Kunakili mistari mitatu kunakula muda na hakuongezi alama. Fanya vivyo hivyo kwa utani wa kondakta. Mtu angeweza kusema "We are late", na habari ingekuwa ileile. Lakini kwa kusema watafika kabla ya Krismasi anaficha wasiwasi ndani ya chuku na kinaya, na ukimya wa abiria unaonyesha kwamba hakuna aliyedanganyika.

Maneno kama "it creates suspense" yanaruhusiwa kwa sharti moja: useme msomaji anahofia nini. "It creates suspense because we wonder if the fuel will end inside the forest" ni jibu. Bila "because" ni jibu nusu.

Sentensi ya mwisho ya kifungu, ile ya Mabira, nimeiacha bila kuigusa. Ina mbinu zisizopungua mbili. Iandike upya bila mbinu, linganisha, kisha andika jibu lako kwa mistari mitatu au minne. Mpe mwenzako daftari alisahihishe kwa maswali haya: jina ni sahihi? Nukuu ipo? Na sentensi ya kazi, ukiihamishia kwenye kifungu kingine, bado inafaa? Ikifaa, ifute na uandike nyingine.